Punda wamelipuka, nyota zinabanduka: je, kosa ni la moto?

SWALI: Shikamoo fundi. Naishi Buswelu, hapa Mwanza. Mwaka huu nimeamua kufinyanga mwenyewe mapambo ya Krismasi: nyota na kengele za kutundika kwenye mti, na punda wadogo wa pango la Noeli. Mengine nitawapa ndugu, mengine nitauza. Udongo nilichimba karibu na ziwa. Mara ya kwanza ulipasuka wakati wa kukauka, jirani akaniambia niongeze mchanga. Nikachota wa ufukweni, na kweli ukatulia. Nikaanika siku tatu, nikachoma kwenye jiko kubwa la mkaa huku nikipepea. Punda wote watano walilipuka hata robo saa haijaisha. Nyota zilitoka salama, nyekundu nzuri, lakini baada ya wiki moja zimeanza kubanduka vipande vidogo, na katikati ya kila kishimo kuna kidoa cheupe. Je, moto ulikuwa mkali mno? Lazima ninunue tanuri la umeme? Na je, naweza kutengeneza vikombe vya zawadi nikavipaka rangi ya mafuta ndani ili visivuje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hayo ni magonjwa mawili tofauti, tusiyatibu kwa dawa moja. Punda wameuawa na maji. Nyota zinaliwa na ule mchanga aliokushauri jirani.

Tuanze na punda. Udongo unaoonekana mkavu kwa nje unaweza kuwa na unyevu tele ndani, hasa msimu huu wa vuli ambapo hewa ya kando ya ziwa imeshiba maji. Siku tatu hazitoshi. Ziwa letu liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzijoto 96 hivi, na yakigeuka mvuke hutaka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ya mwanzo. Mvuke ulio ndani ya nyota yenye unene wa milimita sita hupenya ukatoka. Ulio katikati ya tumbo la punda asiye na uwazi hauna pa kupita, basi hujitobolea mlango. Ule mlio uliousikia ndio huo.

Kwa hiyo punda wako wawe na uwazi ndani. Mfinyange kama kawaida, mwache hadi udongo uwe mgumu kama ugali uliolala, kisha mkate katikati kwa uzi wa nyavu. Komba matumbo kwa kijiko hadi ukuta ubaki unene wa kidole chako kidogo, kwaruza kingo, paka uji mzito wa udongo uleule, uunganishe. Usisahau tundu dogo chini ya tumbo. Niliwahi kulisahau kwa kondoo wote wa pango moja, na Desemba ile wachungaji wangu walikaa bila mifugo.

Kukausha ndiko kunakohitaji subira. Siku mbili za kwanza funika vitu kwa khanga kuukuu yenye unyevunyevu, visikauke kingo kabla ya katikati. Halafu vianike kivulini, juu ya waya au mbao zilizoachana, ukivigeuza kila siku. Wiki moja kwa nyota. Kwa punda hesabu siku kumi hadi kumi na nne, na mvua ikikaza ongeza. Kipimo ni shavu lako: gusisha punda shavuni, ukihisi ubaridi bado ana maji. Siku ya kuchoma, vipange kwanza pembeni ya jiko kwa saa tatu au nne, mbali na mkaa unaowaka. Shikilia kioo baridi juu yao. Kikipata ukungu, endelea kusubiri.

Sasa nyota. Vile vidoa vyeupe ni chokaa. Mchanga wa ufukweni huwa na vipande vya makombe ya konokono na kome, vingine vidogo hata huvioni. Ukipepea mkaa, joto hupanda kufika nyuzijoto 800 na zaidi, na hapo kombe hugeuka chokaa hai. Chokaa hiyo hukaa kimya ndani ya nyota ikinyonya unyevu wa hewa, huvimba siku baada ya siku, mwisho husukuma ganda la juu likaruka. Ndiyo maana uliziona nzima ukafurahi, kisha wiki ikakusaliti.

Usiniamini mimi, amini siki. Weka kijiko cha mchanga wako kwenye glasi, mimina siki. Ukitoa povu, una makombe. Fanya hivyo pia kwa udongo wenyewe ukiwa mkavu. Na kama umefikiria kuchimba ule mweusi wa mbuga, achana nao: hupasuka vibaya ukikauka, na mara nyingi una vijiwe vyeupe vya chokaa vya asili.

Jirani hakukosea kusema udongo wako unahitaji kuchanganywa na kitu. Alikosea kitu chenyewe. Tumia unga wa vigae: chungu kilichovunjika, au tofali la kuchoma lililoiva vizuri. Twanga kwenye kinu, chekecha kwa waya wa mbu wa dirishani, changanya kikombe kimoja kwa vikombe vinne vya udongo. (Usitwange mabaki ya punda wako, wamejaa mchanga uleule.) Udongo nao uloweke uwe uji, uupitishe kwenye waya huohuo, kisha uutandaze juu ya gunia upungue maji ndipo uukande. Kumbuka unasinyaa: nyota ya sentimita nane itabaki na saba na kidogo, na tundu la kutundikia nalo litapungua, kwa hiyo litoboe kwa mrija wa soda, mbali kidogo na ukingo. Mti wetu hapa mara nyingi ni tawi la mvinje, na vijiti vyake havibebi nyota nene.

Tanuri la umeme? Hapana. Watu wa kandokando ya ziwa hili wamechoma vyungu kwa kuni na nyasi kwa zaidi ya miaka 2,000. Wanaakiolojia huviita vya Urewe, kwa jina la mahali magharibi mwa Kenya. Hawakuwa na kipimajoto, walikuwa na macho. Nawe tumia macho: choma jioni, gizani, na usipepee. Vitu vikianza kuwaka wekundu hafifu, kama kaa linalokaribia kuzimika, uko kwenye nyuzijoto 600 na kitu. Shikilia hapo nusu saa, kisha funika kwa bati na uache hadi asubuhi. Rangi ikipanda kuelekea chungwa, umepitiliza. Wekundu hafifu unatosha kabisa kwa pambo, na kama kipande cha kombe kimekuponyoka, kwa joto hilo si rahisi kigeuke chokaa. Choma pia kipande kimoja cha majaribio, ukiloweke usiku kucha. Kikirudi kuwa tope, hakikuiva.

Kwenye vikombe nakataa. Chombo kilichochomwa kwa joto hilo hunyonya maji, chai itajificha ndani ya ukuta wake pamoja na uchafu. Rangi ya mafuta si kizuizi cha chakula, na nyingine zina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Ule ung'avu wa vikombe vya dukani ni kioo kilichoyeyushwa juu ya udongo, kwa kawaida kwenye nyuzijoto 1,000 na kuendelea, na jiko lako halifiki huko kwa utulivu unaotakiwa. Ndugu zako wape vinara vya mishumaa, au vyetezo vya udi. Chetezo hakihitaji kuzuia maji, na udongo uliochomwa kwa moto mdogo huvumilia kaa la moto vizuri. Ukitaka king'ae, kisugue kwa mgongo wa kijiko kabla hakijakauka kabisa.

Nyota ulizonazo usiziuze bado. Ziloweke kwenye ndoo ya maji usiku mmoja, uzikaushe, kisha uziweke kando wiki mbili. Zenye ugonjwa zitabanduka zote mapema, mikononi mwako badala ya mwa mteja. Zitakazobaki nzima zipake rangi ya maji, uzifunge uzi.