Kukagua kamba si dharau

Ndugu, umesema mwenzako hununa ukitaka kumkagua kamba na fundo kabla ya kupanda mwamba wa Fischer's Tower pale mbuga ya Hell's Gate, Kenya, eti yeye ni mzoefu. Uzoefu ndio unaosahaulisha! Mwaka 1989 kule Buoux, Ufaransa, bingwa wa kupanda miamba Lynn Hill alipitisha kamba kwenye mshipi wake bila kumalizia fundo, akaanguka zaidi ya mita 20. Matawi ya mti yakamwokoa.

Anza wewe: mwambie akukague. Kisha shika fundo lake lenye umbo la tarakimu 8, lifuate kwa kidole mpaka ncha, na ubonyeze karabina (pete ya metali yenye kilango) uone kama imejifunga. Akikataa, usipande naye, hata kama kamba ni yake.

Na aliyeanguka akilalamika shingo au mgongo, msimnyanyue. Iteni askari wa mbuga, msubiri wahudumu wa afya.