Tofali la moto kutokana na tope la kiwandani: kazi iko kabla ya tanuri

Anayetaka kutengeneza matofali ya kuhimili moto kwa tope la kiwandani kwa kawaida huulizia tanuri kwanza. Mimi huuliza: tope limetoka kwenye kazi gani? Ninalolipendelea ni la viwanda vinavyojenga utando wa oksidi juu ya aluminiamu kwa umeme. Likikauka, sehemu yake kubwa ni haidroksaidi ya aluminiamu, na ukiichoma unabaki na alumina, ambayo haiyeyuki hadi joto lipite nyuzi 2,000 za Selsiasi.

Shida ni kwamba limebeba pia sodiamu na salfati. Sodiamu ndiyo mharibifu hasa. Hata ikiwa kidogo, hutengeneza kioo ndani ya tofali, kisha tofali lililokuwa gumu likiwa baridi hulegea likibebeshwa mzigo motoni. Kwa hiyo naliosha kwa maji ya moto, nachuja, narudia. Sitegemei macho, maana maji huonekana safi mapema mno. Napima jinsi maji yaliyochujwa yanavyopitisha umeme, na naacha kuosha kipimo kikiacha kushuka.

Usifinyange tope bichi. Haidroksaidi safi hupoteza takriban 35% ya uzito wake ikichomwa, na tofali linalosinyaa kiasi hicho litapasuka tu, hata ulikaushe kwa upole namna gani. Choma unga kwanza, nyuzi 1,200 au zaidi, kisha usage upya. Salfati iliyosalia itatoa gesi ya salfa inayowasha koo, basi bomba la moshi lazima livute vizuri. Barakoa ya vumbi haizuii gesi hiyo.

Kuchanganya ni rahisi zaidi. Ninachotaka kipatikane motoni ni mulaiti, madini yanayohimili joto kali. Mulaiti ina takriban 72% ya alumina na 28% ya silika, hivyo ukihesabu kwa uzito uliokwisha kuchomwa, alumina na kaolini (udongo mweupe wenye silika na alumina) huenda karibu nusu kwa nusu. Nachoma kati ya nyuzi 1,450 na 1,550. (Kama tanuri lako halifiki huko, tengeneza vigae vya kawaida.)

Tope la kupaka chuma kromu silichukui, hata nikipewa bure. Likichomwa penye hewa pamoja na sodiamu au chokaa, kromu yake inaweza kugeuka kuwa ya aina inayosababisha saratani, tena inayoyeyuka kwenye maji.