Mamallapuram: mahekalu nendeni, ila watoto usiwaingize baharini

Hapana dada, hiyo ratiba ifute leo leo.

Umeandika kwamba Novemba mumeo anarudi kliniki Chennai, akishaonwa mnachukua gari na watoto mnaenda Mamallapuram, ule mji wa mahekalu ya kale pwani ya India kusini mwa Chennai, asubuhi watoto waogelee pale pembeni ya Hekalu la Ufukweni, jua likikaza ndo mzunguke kwenye mahekalu mengine, na dereva mliyeunganishiwa kakuhakikishia anajua sehemu ya bahari "iliyotulia". Hapo kwenye "iliyotulia" ndo nimeshindwa kupita kimya. Sisi tuliambiwa neno hilohilo, na mdogo wangu nusura abaki kule.

Tulikuwa Chennai kwa matibabu ya mama, tukapata siku moja ya kupumzika, tukakodi gari kushuka na ile barabara ya pwani wanayoita ECR, ni kama kilomita 55 hivi kwenda kusini. Dereva akatushusha ufukweni akatuonyesha kwa kidole. Upande wa kulia mawimbi yanapasuka kwa kishindo, upande wa kushoto hivyohivyo, katikati kuna kama kichochoro cha maji yamelala, wimbi halivunjiki kabisa. Akasema pale ndo pa familia, wageni wote anawaleta pale. Mdogo wangu kakulia pwani, maji anayajua, akaingia mpaka kiunoni, anacheka, anatupungia mkono. Mara tunaona kichwa kiko mbali. Hakuna wimbi lililompiga, hakupiga mbizi, maji yalikuwa yanaenda naye tu taratibu kama mtu kasimama kwenye ngazi za umeme. Akaanza kupiga mikono kurudi, anapiga, anapiga, haji, na kila akipumzika kidogo anazidi kusogea kilindini, mama katoka kufanyiwa operesheni juzijuzi anataka kukimbilia majini, mimi nashika mama huku namwangalia dogo, aisee hiyo hali sitaki hata adui yangu aipate.

Waliomtoa ni wavuvi. Walikuwa wamekaa mchangani wanashona nyavu, walivyoona watu wanapiga kelele hawakuuliza hata swali, wakasukuma boti. Wanajua pale pakoje! Walimkuta ameshasukumwa upande wa mawe, yale mawe makubwa yaliyorundikwa kuzuia bahari isile ardhi ya hekalu, bega limechanika, kameza maji mengi. Ikawa hospitali, eksirei, kulazwa, hela tuliyotenga kwa dawa za mama ikaishia huko, siku ya kliniki ya mama ikapita na tiketi za ndege tukazibadilisha kwa faini. Dereva je? Alisema bahari haina dhamana, alafu akadai hela ya kusubiri. Ile hela ya kusubiri mpaka leo inaniuma kuliko zote. Hao jamaa hata bahari iwe inachemka watakwambia maji ni ya uvuguvugu, ilimradi ushuke kwenye gari wakalale.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Ile sehemu iliyotulia ndo yenyewe inayoua. Mawimbi yanasukuma maji mengi kuja mchangani, yale maji lazima yarudi, na yanarudi kwa kupita sehemu yenye kina, yanachimba mfereji. Kwa sababu pale pana kina wimbi halivunjiki, ndo maana kwa juu unaona pamelala. Ukisimama juu ya mchanga ukatazama dakika kadhaa bila haraka utaona povu na takataka zinaelekea nje badala ya kuja, na maji yamekuwa ya udongoudongo au yamekoza rangi kuliko ya pembeni. Mtu asiyejua anachagua hapohapo kuweka watoto. Na mfereji unahama, leo uko hapa, baada ya upepo mkali uko kwingine, kwa hiyo hata mtu akikwambia "mwaka jana tuliogelea hapo hakuna shida" haikusaidii kitu.

Na sisi watu wa pwani yetu ndo tunadanganyika zaidi. Tumezoea miamba ya matumbawe iko kule mbele inavunja wimbi, huku ndani maji ni kama bwawa, mtoto anatembea mpaka mbali. Ufukwe wa Mamallapuram hauna huo ukuta, wimbi la Ghuba ya Bengal linakuja moja kwa moja mpaka miguuni kwako, na chini mchanga unaporomoka ghafla. Usiseme tutasubiri maji yapwe pia, tofauti ya kupwa na kujaa upande ule ni kama mita moja tu, hapatokei ule uwanja wa mchanga tuliozoea kuuona nyumbani.

Alafu Novemba! Hiyo video uliyobandika ya yule jamaa anayezunguka dunia, anga bluu na bahari kama kioo, hajasema aliichukua mwezi gani. Oktoba mpaka Desemba ndo msimu wa mvua za kaskazini mashariki upande ule, na ndo msimu wa vimbunga. Kimbunga Mandous mwezi Desemba 2022 kiliingia nchi kavu karibu kabisa na Mamallapuram. Mtu anatengeneza video nzuri, watu laki wanaitazama, hata sentensi moja ya kusema usiogelee hapa hana, inanikera sana.

Kwa hiyo sheria ni moja: maji yasipite magoti, magoti ya mtoto sio ya kwako, na mtoto ashikwe mkono muda wote. Utaona wenyeji wengi wamesimama pale pembeni na nguo zao wanalowesha miguu, nanyi fanyeni hivyo. Ukiona wamerudi nyuma na wewe rudi. Ukikuta bango au polisi anapuliza filimbi usibishane naye kwamba wewe ni wa pwani.

Ikitokea mtu mzima kavutwa, asipambane kurudi alikotoka. Aelee, aite, aogelee kwenda pembeni sambamba na ufukwe mpaka atoke kwenye mkondo, ndo aanze kurudi mahali mawimbi yanapovunjika, maana hapo maji yanakuja nchi kavu. Nyie wa nje msirukie kumfuata mikono mitupu, tupeni chochote kinachoelea, dumu tupu, boya, mpira, na iteni wavuvi. Namba za dharura India ni 112, gari la wagonjwa ni 108.

Watoto wakililia maji tafuteni hoteli yenye bwawa. Kuna Kovalam pia, iko njiani kati ya Chennai na Mamallapuram, ufukwe wake ulipata bendera ya bluu, ile alama ya kimataifa ya usafi na usalama wa fukwe, mwaka 2021 na kuna vijana wanafundisha kuteleza kwenye mawimbi, hao angalau wanaisoma bahari kila siku, waulize wao kabla hujavua viatu. Ila kwa Novemba hata pale wakikwambia leo hapana, basi ni hapana.

Mahekalu ndo nendeni kwa moyo wote, na anzeni nayo asubuhi, sio mchana kama ulivyopanga, mawe yale jua likishapanda huwezi kusimama na watoto. Wanafungua saa 12 asubuhi. Mimi ningeanzia Pancha Rathas, majengo matano na sanamu za tembo na simba, vyote vimechongwa kutoka kwenye miamba palepale ilipokuwa, hakuna jiwe lililoletwa. Kisha Hekalu la Ufukweni, lenyewe limejengwa kwa vipande vya granaiti mwanzoni mwa miaka ya 700 enzi za mfalme Narasimhavarman wa Pili wa ukoo wa Pallava. Tiketi moja ya siku hiyo inaingia kote kuwili, mgeni rupia 600, watoto chini ya miaka 15 hawalipi, hivyo dereva akija na hesabu ya kila mtu na kila lango mkatalie. Ule mwamba mkubwa uliochongwa wa Toba ya Arjuna uko kando ya barabara, waonyeshe watoto paka aliyesimama kwa miguu ya nyuma mikono juu anajifanya anasali, na panya wako miguuni kwake. Walio na mimi walikaa hapo kuliko sehemu nyingine yoyote.

Mkiwa Hekalu la Ufukweni mtazame bahari ilivyo karibu, mwone kwa nini nasema sana. Tarehe 26 Desemba 2004 tsunami ilipopita pale ilikomba mchanga mpaka mawe yaliyochongwa yaliyokuwa yamefukiwa yakaonekana, na mwaka uliofuata wataalamu wakafukua mabaki ya hekalu la Murugan, mungu wa Wahindu, pale Saluvankuppam, kilomita chache tu kaskazini. Bahari ya namna hiyo dereva anakuambia imetulia?

Huyo dereva mwambie mapema, kabla hamjaondoka Chennai, kwamba ufukweni mnashuka kupiga picha tu na kuogelea hakumo kwenye safari. Na mumeo akianza kusema wewe unaogopa sana, mpe simu asome hii.