Neno "baba" ni la nani?

Maswali mengi ya wiki hii yameangukia neno moja, kwa hiyo nayajibu kwa pamoja.

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mwenzangu anashikilia kwamba "baba" tumelitoa kwa Waarabu au Waajemi, kama maneno mengine mengi. Ni kweli?

Jibu: Marahaba. Si kweli. Neno la asili la Kiarabu ni "ab", ndilo unalolisikia katika jina kama Abu Bakr. Waajemi na Waturuki wanalo "baba", lakini letu halikuhitaji kuvuka bahari. Kizulu kina "ubaba", Kishona "baba", Kikuyu "baba", na lugha hizo hazikukua bandarini. Ndugu wengine wa Kibantu wameshika mzizi tofauti: Kilingala "tata", Kiganda "taata", Kinyarwanda "data". Wakhosa nao husema "tata", ndiyo maana Mandela aliitwa Tata. Ila ukiwa na Wakikuyu uangalie, kwani kwao "tata" ni shangazi au mama mdogo.

Swali: Kila mwaka nakutana na utabiri wa Baba Vanga mtandaoni, lakini picha ni ya bibi kizee. Kwa nini aitwe baba?

Jibu: Kwa Kibulgaria "baba" ni bibi, yaani mama wa mzazi wako. Vanga alikuwa mwanamke kipofu wa huko, aliyeishi kuanzia 1911 hadi 1996, na watu walimwita Bibi Vanga kwa heshima ya umri. Lugha nyingine za Kislavoni ziko hivyohivyo, na "babushka" la Kirusi limetoka hapohapo. Japani pia "baba" ni mwanamke mzee, ila usilijaribu kwa bibi wa mtu: ukilivuta mwishoni likawa "babaa", umeshatukana.

Swali: Rafiki yangu wa Georgia, ile nchi ya Kaukazi, anasema kwao "mama" ndiye baba. Ananitania?

Jibu: Hakutanii. Kwa Kigeorgia "mama" ni baba na "deda" ni mama. Juu ya kilima mjini Tbilisi kuna sanamu ya mwanamke yenye urefu wa mita 20, iliyosimamishwa mwaka 1958, iitwayo Kartlis Deda, Mama wa Georgia. Mji mkuu wanauita "dedakalaki", mji mama. Mimi huupenda sana mfano huu, maana wengi huamini "mama" ni sauti ambayo maumbile yenyewe yamempa mwanamke.

Swali: Sasa lugha zisizojuana zimepataje maneno haya yale yale? Si ushahidi kwamba wanadamu wote walikuwa na lugha moja?

Jibu: Huenda walikuwa nayo, lakini maneno haya hayawezi kuwa shahidi. Mtazame mtoto wa miezi sita au saba anapoanza kubwabwaja. Anafungua mdomo, inatoka "a". Anafunga midomo na kuifungua tena, inatoka "ba", "pa" au "ma". Hana anachokitaja. Wazazi wameinama juu yake, kila mmoja akiamini ameitwa. Wanamjibu, wanamrudishia sauti ileile, hadi inakuwa jina.

Mwanaisimu Roman Jakobson alieleza haya katika makala ya mwaka 1960, akitumia maneno 1,072 ya "baba" na "mama" yaliyokusanywa na mwanaanthropolojia George Peter Murdock kutoka lugha mbalimbali za dunia. Sauti za puani, kama m na n, zilikuwa katika asilimia 55 ya maneno ya mama, na asilimia 15 tu ya maneno ya baba. Sababu aliyoitoa Jakobson inaniridhisha: mtoto anayenyonya mdomo wake umeziba, na mguno pekee unaoweza kumtoka hupitia puani. Baadaye akiona chakula, au aletaye chakula, huguna vilevile. Ni mwelekeo tu, wala si sheria, na Wageorgia wameshatuonyesha hivyo.

Maneno haya pia huchakaa, na watoto huyazaa upya. Wajapani wana kitendawili cha mwaka 1516: kwa mama wanakutana mara mbili, kwa baba hawakutani kabisa. Jibu ni midomo. Leo mama ni "haha" na baba ni "chichi", na midomo haikutani popote. Kitendawili kinaeleweka ukijua kwamba zama hizo "haha" lilitamkwa "fafa", kwa midomo miwili kama mtu anayepuliza mshumaa, na kabla ya hapo lilikuwa "papa". Yaani "papa" la kale la Kijapani lilikuwa mama!

Swali: Papa wa Roma na papa wa baharini wanahusianaje?

Jibu: Hawahusiani. Cheo cha Papa kimepitia Kilatini kutoka Kigiriki "pappas", neno la mtoto la kumwita baba. Huko Amerika ya Kusini, kwa Kihispania, "papa" ni kiazi pia, na hilo limetoka Kikechua, lugha ya wenyeji wa huko.

Swali: Basi nitajuaje kama maneno mawili yana asili moja?

Jibu: Usitazame sura, fuata historia ya sauti. Kimbabaram, lugha ya asili ya kaskazini mwa Queensland, Australia, kilimwita mbwa "dog", sawa kabisa na Kiingereza. Mwanaisimu R. M. W. Dixon alipolisikia alidhani limeazimwa. Lakini Kiyidiny, lugha ya jirani, humwita mbwa "gudaga". Kimbabaram kilikuwa na desturi ya kudondosha mwanzo wa maneno yake, na konsonanti ya mwanzo, kabla ya kudondoka, ilibadilisha irabu ya silabi iliyofuata. Pitisha "gudaga" katika mabadiliko hayo, hatua kwa hatua, utafika kwenye "dog" bila Mwingereza yeyote kuhusika.