Mama ni wako, mbona anayeamka usiku ni mkeo?

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 41, naishi Umoja, ghorofa ya tatu, na mke wangu na watoto wetu wawili. Mwaka jana mama yangu, mwenye miaka 72, alipatwa na kiharusi, upande wake wa kulia ukapooza. Tumezaliwa wanne lakini ndugu zangu wana shughuli zao, kwa hivyo nikamleta kwangu nimtunze. Tangu hapo mke wangu amebadilika. Amenuna, hanisemeshi, na usiku hulala chumba cha mama. Alikuwa na kibanda cha kushona nguo, akakifunga, sasa kila kitu ananiomba mimi. Wasichana wa kazi hawakai, wa tatu ameondoka mwezi huu. Mama naye ameniambia anapewa chai baridi na akiita haitikiwi haraka. Mimi hutoka kazini Industrial Area saa kumi na moja jioni, lakini kwa sababu ya foleni nafika nyumbani saa tatu na nusu usiku na kukuta ni kesi tu. Juzi mke wangu alisema anataka kwenda kwao apumzike. Nafikiria kuoa mwanamke mwingine anayejua kuheshimu wazee, au nimrudishe mama ushago. Tulifunga ndoa kanisani. Nishauri.*
*Mwana Mwenye Uchungu, Nairobi*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa ugonjwa wa mama. Hakuna mtoto anayefurahi kumwona aliyemlisha akilishwa kwa kijiko. Pole hiyo ipokee vizuri, maana sina nyingine.

Nimeisoma barua yako nikitafuta mahali unaposema wewe mwenyewe umefanya nini. Umemleta. Basi. Hujasema nani humwogesha, nani humbadilisha nepi, nani humpa dawa ya presha na ni saa ngapi. Ila umetaja kwa kupitia tu kwamba mkeo hulala chumba cha mama, na wewe umedhani amekununia. Mtu aliyepooza akashindwa kujigeuza hutakiwa ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi ili asipate vidonda vya mgongo na makalio. Hata usiku. Sasa niambie, mama yako ana vidonda? Hukuandika kwamba anavyo, na mwana mwenye uchungu hangeacha kuviandika. Basi kuna mtu anayeamka saa sita, saa nane na saa kumi alfajiri kumgeuza mzee, na mtu huyo si wewe, kwa sababu wewe uko chumba kingine ukilalamika kwamba kitanda kina nafasi.

Halafu hiyo foleni. Barabara ya Jogoo naijua, na Outer Ring jioni mvua ikinyesha naijua pia. Ni mateso. Lakini kutoka Industrial Area hadi Umoja si safari ya saa nne na nusu, hata matatu ikiharibika njiani abiria mkashuka nyote. Anayetembea kwa miguu angefika nyumbani akapata taarifa ya habari ya saa moja. Kuna mahali unapitia ukingoja mama alale na nepi ya mwisho iwe imeshabadilishwa. Sitaki kujua ni wapi. Mkeo anapajua.

Tuje kwenye chai, maana ndiyo ushahidi wako mkubwa. Je, umewahi kumuuliza mkeo kwa nini chai ya mama haichomi? Aliyepigwa na kiharusi mara nyingi hufa ganzi upande ulioathirika, chai ya moto ikimwagika mapajani hahisi mpaka ngozi imebabuka. Wengi pia humeza kwa shida, hupaliwa, na chakula kikipitia njia ya hewa huleta nimonia. Ndiyo maana mlezi mwenye akili humkalisha mgonjwa wima, akapoza chai, akampa kidogo kidogo. Mkeo huenda aliambiwa hivyo kliniki, siku ambayo wewe ulikuwa kwenye foleni. Na mama akisema haitikiwi haraka, msikilize kwa heshima zote, lakini ujue kwamba ugonjwa huu huchezea hisia pia. Mgonjwa hulia ghafla, hukasirika upesi, husahau kwamba ameitikiwa dakika tano zilizopita. Simwiti mama yako mwongo. Ninasema usimhukumu mwenzako kwa kesi uliyoisikiliza upande mmoja, usiku, ukiwa umechelewa.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hebu keti na asubuhi moja tu ya mkeo. Shuka zimelowa tena, mfereji umekauka kwa sababu leo si siku yenu ya mgao, kwa hivyo anamwita mwenye mkokoteni, ananunua mitungi, na mitungi haipandi ngazi yenyewe hadi ghorofa ya tatu. Anafua, anaanika, shuka za jana bado mbichi. Watoto wanataka uji na sare za shule. Mama anataka kuinuliwa, na mtu mzima aliyepooza ni mzito kuliko umri wake. Yote hayo kabla ya saa nne. Wasichana watatu wanaolipwa mshahara wameishindwa kazi hiyo, asiyelipwa ndiye angali yupo, na ndiye unayeniandikia kwamba hana heshima kwa wazee.

Kibanda chake kimenikera zaidi. Umekiandika kama kosa lake: akakifunga, sasa anakuomba. Mwanangu, alikifunga kwa ajili ya nani? Alikuwa na cherehani yake, na wateja waliomjua kwa jina, na senti zake ambazo hakumwomba mtu. Aliviacha ili mama yako asikae peke yake mchana, na sasa akiomba pesa ya sabuni unamhesabia. Ombi la sabuni ya kufulia shuka za mama yako!

Ndoa nyingi za siku hizi jijini zina ugonjwa huu, na siusemi kwa mwanamume mmoja tu. Tunaoana tukidhani mke ni sehemu ya mali ambayo jamii nzima ya mume imenunua, kwamba ukishatoa mahari hata wajibu wako kwa mamako umepata wa kuubeba. Utaniambia mila hairuhusu mwana wa kiume kumwogesha mama. Naiheshimu mila hiyo. Ila mila hiyohiyo ilikuwa na boma, na katika boma hilo mlikuwa na mabinti, wajukuu, mashangazi na majirani waliopokezana mgonjwa, mmoja akichota maji mwingine akiota naye jua. Tumekuja Nairobi tukaliacha boma nyuma, tukabeba sehemu moja tu ya mila, ile inayomruhusu mwanamume kukaa sebuleni. Na kufua shuka je, mila imekataza? Kupika uji? Kumwinua mama umweke kwenye kiti na kumshusha chini Jumapili aone watu? Kununua dawa kabla hazijaisha?

Ndugu zako nao. Wana shughuli zao, unasema. Mkeo hakuwa na shughuli? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndiyo maana wao hutuma viganja vya maombi kwenye kikundi cha WhatsApp na kulala. Katiba ya 2010, kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kutunzwa na jamaa zake pamoja na serikali, na jamaa hao ni ninyi wanne mlionyonya. Waite waje, wasipokuja wapigie mmoja mmoja. Waandikie nepi za mwezi ni kiasi gani, dawa ni kiasi gani, mshahara wa mlezi ni kiasi gani. Dada yako kama yupo, aje zamu mwishoni mwa wiki, yeye mila inamruhusu.

Angalia pia karatasi za mama. Ile bima ya afya ya serikali, NHIF, iliondoka Oktoba 2024, sasa ni SHA, na mama haingii kwenye usajili wako kama mke na watoto wanavyoingia. Lazima asajiliwe kwa kitambulisho chake mwenyewe, na *147# kwenye simu inatosha kuanzia. Asiye na ajira hupimwa uwezo wake halafu hulipa kwa mwaka, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600. Kama mama atapimiwa kiwango hicho, mkigawana wanne ni 900 kila mmoja. Kuna anayeweza kukukatalia hizo? Kwa kuwa ana miaka 72, muulize chifu wa kwenu kama jina lake limo kwenye Inua Jamii, pesa za serikali za kuwasaidia wazee, ambazo ni shilingi 2,000 kwa mwezi kwa waliotimiza miaka 70. Hazitoshi nepi za mwezi, najua, lakini ni zake.

Kumrudisha ushago? Atakuwa na nani huko? Ukinitajia mtu kwa jina, mwenye nguvu za kumwinua na aliyekubali kwa kinywa chake, na mama mwenyewe akasema anataka kwake, nitakusikiliza. Hukuandika kama umewahi kumuuliza mama anataka kukaa wapi. Ukimpeleka bila mtu, umemtupa.

Suala la mke wa pili sitalijadili kwa urefu. Mlifunga ndoa kanisani, na Sheria ya Ndoa ya 2014 inasema wazi kwamba ndoa ya Kikristo ni ya mke mmoja. Hata kama sheria ingekuruhusu, huyo unayemtafuta ni mlezi. Mlipe mshahara mwisho wa mwezi, na muwe na wa kumpokea zamu ili naye asikimbie kama wale watatu.

Na mkeo aende kwao. Hajakukimbia, ameomba kupumzika, na aliomba kwa adabu, tena kwa neno hilohilo. Chukua likizo ya wiki moja kazini, dada yako au jirani mwanamke mnayemwamini amsaidie mama kuoga, kazi nyingine zote ufanye wewe, na usiku uamke wewe. Mpe nauli ya kutosha na pesa za mkononi bila kumuuliza atazitumiaje. Akiwa huko, usimpigie simu kumuuliza nepi zimewekwa wapi. Muulize leo jioni, na ufike mapema.