Poka ya mezani siyo ile ya kwenye simu: nilivyocheza mashindano hapa Kigoma

Mkuu uliyeuliza, umesema umealikwa kwenye mashindano ya poka ya mezani mwezi ujao, umezoea kucheza kwenye simu tu, unataka kujua ujiandae vipi na kama uvae miwani nyeusi watu wasikusome macho. Mimi niko Kigoma, mwaka jana nilicheza moja hapa hapa mjini, tulikuwa watu 27 nikashika nafasi ya saba, kwa hiyo sio bingwa wala nini, ila makosa nimefanya ya kutosha kukugawia. Tafuta kahawa, ni ndefu.

Kwanza hakukuwa na hela ya kushindania. Kiingilio elfu kumi na tano, inaenda kwenye ukumbi na msosi, mshindi anaondoka na mbuzi. Mbuzi mwenyewe alifungwa kwenye mwembe nje, yaani kila ukitaka kufikiri kidogo unamsikia huko anavyolia. Mwandaaji hakutaka habari ya fedha taslimu kwa sababu ukiendesha mchezo wa kubahatisha wa hela unatakiwa uwe na leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, sheria ipo toka 2003, akasema hataki kulala ndani kisa karata. Sasa kama mbuzi naye anahesabika hela hilo waulizeni wanasheria, humu wapo. Ila wewe kabla hujatoa shilingi uliza hiyo yako inaendeshwa na nani na ana kibali gani.

Wachezaji ni mchanganyiko. Vijana wa mashirika yanayofanya kazi kwenye kambi za wakimbizi huko Kasulu na Kibondo, hao ndio walioleta huu mchezo mtaani kwetu, walimu wawili watatu, nesi mmoja mpole hivi haongei, mfanyabiashara Mkongo anayevuka ziwa kutoka Kalemie kuja kununua mzigo, na mzee mmoja mstaafu wa reli anakaa Ujiji ambaye amekulia wahed wa sitini, ile karata yetu ya turufu. Huyo mzee akapewa karata zake mbili za kwanza, akazitazama, akauliza "turufu nini?" Tukacheka meza nzima. Akaelezwa mzee wetu huku hakuna turufu, kopa na shupaza zote sawa, na saba haimli mzungu wa nne, yaani kingi, saba huku ni saba tu. Akasema haya, mchezo wa ajabu huu. Mkumbuke huyo mzee.

Kwa wasioujua kabisa: unapewa karata mbili za siri, mezani zinafunguliwa tano, tatu kwa pamoja ndiyo flopu, halafu moja, halafu ya mwisho ndiyo riva, unatafuta tano bora ndani ya hizo saba. Kila mgao watu wawili wanalazimika kuweka chipsi kabla hawajaona kitu, blaindi ndogo na blaindi kubwa, na kiwango kinapanda kadiri muda unavyokwenda. Chipsi za kuchezea hizo, sio za mayai.

Sasa kitu cha kwanza kitakachokushangaza ni mwendo. Kwenye simu mgao unaisha hata dakika haifiki. Mezani kuna mtu anachanganya karata zinamwagika chini, kuna anayepokea simu ya mke wake, kuna anayeuliza zamu ya nani ilhali ni yake, sisi kwa nusu saa tulikuwa tunapata migao kama kumi na moja hivi. Na blaindi inapanda kila nusu saa. Piga hesabu mwenyewe, mimi nilicheza kama saa nne na nusu, migao kama mia moja hivi, na ree mbili mkononi zinakuja kwa wastani mara moja kwenye migao 221. Kwa hiyo yule anayekaa anasubiri ree mbili ndio aingie, atasubiri mpaka mbuzi aliwe. Pea yoyote inakuja mara moja kwa 17, mimi nilipata tano usiku mzima. Kwahiyo lazima ucheze na karata za kawaida, na muhimu kuliko yote kila baada ya muda gawanya chipsi zako kwa blaindi kubwa uone una ngapi. Tulianza na 10,000 kila mtu, blaindi 100 kwa 200, maana yake una blaindi 50, hapo kaa kwa kutulia angalia watu. Ukifika kwenye kumi hivi kushuka chini hamna tena kuchungulia flopu kwa bei poa, ni kuingiza zote au kutupa.

Chipsi zenyewe sasa. Kulikuwa na seti moja tu ya mtu binafsi, ndogondogo hazikutosha, ikaamuliwa chipsi ya 100 iwe kizibo cha soda kama tunavyofanya kwenye drafti, kila mtu kumi. Watu 27 mara kumi ni vizibo 270. Hakuna aliyefikiria kwamba tupo kwenye ukumbi wanaouza soda 😂 Mapumziko ya kwanza mwandaaji akahesabu, vizibo 289. Kila mtu anamwangalia jirani yake. Nesi akatoa rangi ya kucha kwenye mkoba, nyekundu, kila kizibo kikapigwa nukta ndipo mchezo ukaendelea, wale 19 waliozaliwa tukawasamehe.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la mkono na ndilo ambalo simu haiwezi kukufundisha maana kwenye simu unabonyeza tu kitufe kimeandikwa ongeza. Mapema kabisa nimepata wazungu wa nne wawili, kingi mbili, moyo unadunda, nikachukua chipsi moja ya 1,000 nikaitupa katikati kimya kimya kama nilivyoona kwenye video, nikijua nimeongeza. Dila, yaani mgawaji karata, akasema "amelipia 200", maana yake nimelingana tu na blaindi kubwa. Nikambishia, akaniambia ukiweka chipsi moja kubwa bila kusema neno inahesabika umelipia tu, na hiyo ni sheria ya kweli sio ya Kigoma, nilikuja kuhakikisha baadaye. Nikarudishiwa chenji yangu 800. Basi nyuma yangu wakaingia watu wanne kwa bei ya bure, nesi akiwa kwenye blaindi kubwa hajaongeza hata kizibo. Flopu tisa, nne, mbili. Mimi na kingi zangu nikaendelea kuchoma chipsi mpaka riva, akafungua tisa na nne, pea mbili. 4,200 zikaondoka. Kama ningesema tu neno "naongeza" asingekuwepo pale, tisa na nne nani analipia 1,000? Kwa hiyo sema kwanza halafu ndio uguse chipsi. Na ukiongeza peleka zote kwa mara moja, usiweke kidogo ukarudi tena kuchukua nyingine huku unamwangalia mtu usoni, watakukatalia.

Kingine tabia zetu za karata za kijiweni za kubamiza mezani paa! Acha nyumbani. Mwalimu mmoja alibamiza pea yake ya kwini juu kabla mwenzake hajaamua, mwenzake akaziona, akatupa zake taratibu akasema asante mwalimu.

Saa tatu kasoro tukala. Migebuka ya kuchoma, ugali wa muhogo, na mboga imeungwa mawese ya nguvu, Kigoma hatuna masihara kwenye mawese. Maji ya kunawa yalikuwepo, sabuni ikaisha kwa watu wa mwanzo, wengine tukajifuta na tishu tukarudi mezani. Na karata ni zile za karatasi za dukani, pakiti moja kila meza. Unaona inapoelekea.

Baada ya nusu saa hivi umeme ukakatika, tukaendelea na tochi za simu zimewekwa kwenye glasi. Hapo ndio nikaona. Karatasi ikinywa mafuta inaacha doa, tochi ikiipiga doa linang'aa rangi ya chungwa. Mgao mmoja mtu akafungua mzungu wa nne wa pau, nikaona mgongoni kuna doa la dole. Sikusema kitu. Najua, nilitakiwa niseme pakiti ibadilishwe, nilikaa kimya kwa sababu ya tamaa na mbuzi alikuwa anaendelea kulia nje.

Tumebaki saba. Blaindi 1,000 kwa 2,000, mimi nina 31,000, yaani blaindi kumi na tano na kidogo. Napata kwini na jeki nikiwa wa mwisho kuongea kabla ya blaindi, natamka vizuri kabisa naongeza, 5,000. Blaindi ndogo anatupa, yule mzee wa reli kwenye blaindi kubwa analipia. Flopu: kwini, nane, tatu, hazifanani rangi. Nina pea ya juu. Mzee anakaa kimya, anaziinua karata zake kidogo azitazame tena, na mgongoni kwa moja naliona doa la chungwa linang'aa. Nikasema moyoni nimekupata mzee wangu, huyo ni mzungu wa nne wa pau, mezani hakuna kingi, anachimba mkwara. Mzee akasukuma zote, alikuwa na nyingi kuliko mimi. Wala sikufikiri, nikalipia 26,000 zangu zilizobaki haraka haraka kama mtu aliyeitiwa pilau.

Akafungua nane ya uru na nane ya kopa. Ukijumlisha na ile ya mezani, nane zipo tatu. Ikaja tano, riva mbili, kwisha habari yangu.

Nikaomba niione ile nane ya uru. Doa lipo kweli, dole gumba zima, na katikati limekatwa na mstari wa kukingama. Mimi dole gumba langu la kulia lina kovu, nilijikata na kopo la maziwa nikiwa darasa la tano, mstari huo huo. Ile nane niliwahi kupewa mimi mwenyewe mara tu baada ya kula nikaitupa. Mzee akaniuliza kijana unatafuta nini hapo, nikamwambia hamna mzee wangu, hongera, shikamoo. Akaitikia marahaba huku anakusanya chipsi.

Kwa hiyo mwambie mwandaaji wako kila meza iwe na pakiti mbili, na baada ya msosi ifunguliwe mpya, na ukiona alama kwenye karata sema hapo hapo. Mbuzi alichukuliwa na nesi, saa saba usiku, alimfunga mzee kwa mgao mmoja wa kawaida tu wala hakushangilia, bodaboda ikaja akapanda kamkumbatia mbuzi wake katikati na mkoba begani, huyoo Mwanga, hapa hapa mjini.

Miwani nyeusi achana nayo mkuu. Kuna kijana wa meza ya pili alivaa toka mwanzo, umeme ulivyokatika akagoma kuivua, akaona uru yake ni kopa, akaingiza zote akijua ana kopa tano.