Uliza Ujibiwe: Sataranji ya Kichina na Washikaji Mtandaoni

Maswali ya safari hii karibu yote ni ya sataranji ya Kichina, ile wenyewe wanaiita xiangqi, na karibu yote yanatoka kwa watu wanaocheza na marafiki zao kwenye simu. Nimefurahi sana, maana huu mchezo naupenda na naucheza kila siku. Twende moja kwa moja.

SWALI: Habari za kazi. Tuko wanne, marafiki tangu shule, sasa hivi kila mtu yuko kwake ila usiku tunakutana kwenye simu kucheza chesi ya kawaida. Mwenzetu mmoja akatuma linki ya sataranji ya Kichina, nafungua nakuta ubao mzima ni maandishi ya Kichina, nikafunga. Wenzangu wanaendelea, mimi nabaki kutazama. Ni lazima nijue Kichina? (Aliyebaki Nje)

JIBU: Pole ndugu yangu, fungua tena hiyo linki. Kichina huhitaji. Ingia kwenye setingi za ubao, sehemu nyingi kama PyChess na xiangqi.com zina kete za picha, unaona farasi ni farasi na tembo ni tembo, unacheza hata leo usiku. (Ukienda Lichess, ule mtandao wa chesi, hutaikuta, kwa hiyo usipoteze muda kuitafuta kule.)

Ila nikushauri kitu: hizo picha zitumie wiki ya kwanza tu alafu rudi kwenye maandishi, maana kete ziko za aina saba tu, yaani jemadari, mshauri, tembo, farasi, gari la vita, mzinga na askari, na herufi zake ukizitazama vizuri zinaongea. Angalia ya farasi, 馬, pale chini ina vijistari vinne, hiyo ni miguu yake. Angalia mzinga: wa upande mwekundu mara nyingi huandikwa 炮, ubavuni kuna alama ya moto, na wa upande mweusi 砲, ubavuni kuna alama ya jiwe, yaani mmoja anarusha moto mwenzake anarusha mawe. Mimi siku niliyoona hivyo sikuchanganya mzinga tena. Askari wekundu ni 兵 na weusi ni 卒, sura tofauti kazi ileile. Na yale maneno yaliyoandikwa katikati ya ubao, penye mto, ni mto wa Chu na mpaka wa Han, yanakumbusha vita ya Xiang Yu wa Chu na Liu Bang wa Han kati ya mwaka 206 na 202 kabla ya Kristo, Liu Bang akashinda. Kwa hiyo kila mkifungua gemu mnakaa kila mtu ng'ambo yake ya mto kama wale wawili.

Kitu kimoja kitakachokusumbua mwanzoni ukitoka kwenye chesi: kete haziwekwi ndani ya vibox, zinakaa kwenye makutano ya mistari. Mistari 9 ya kwenda mbele, 10 ya kukatiza, jumla makutano 90, na kila mtu ana kete 16.

SWALI: Mimi nimezoea chesi na najiona niko vizuri, ila huku nachapwa vibaya. Jana hatua ya kwanza kabisa rafiki yangu karusha mzinga wake akala farasi wangu, sijagusa kitu! Alafu farasi wangu mwingine akagoma kuruka, nikadhani simu imeganda. (Mzinga Umenipiga)

JIBU: Simu yako haina shida, na rafiki yako hajafaidi chochote, hebu tulia tuangalie.

Mzinga unatembea kama gari, moja kwa moja popote njia ikiwa wazi, lakini ili ule kete ya adui ni lazima uruke kete moja katikati, moja tu, iwe yako au ya adui. Gemu linapoanza mzinga wake unatazamana na wako, na nyuma ya wako yuko farasi, kwa hiyo anaruka mzinga wako anamla farasi, ni halali kabisa. Ila tazama nani yuko jirani na huyo farasi kwenye kona: gari lako. Unamla mzinga papo hapo. Kapoteza mzinga kakuchukulia farasi, wachezaji wengi wanahesabu mzinga kuwa na thamani kidogo zaidi mwanzoni mwa gemu kwa sababu kete za kurukia bado zimejaa ubaoni, na juu ya hapo gari lako limetoka kwenye kona bila kutumia hatua ya ziada. Siku nyingine akifanya hivyo usishtuke, mle.

Hatari yenyewe ni mzinga wa katikati. Yeye anausogeza mzinga mpaka mstari wa kati, sasa anaruka askari wake mwenyewe na kulenga askari wako wa kati. Ukimwachia akamla, mzinga unakaa pale unamtazama jemadari wako na katikati hakuna kitu, na hapo ndipo watu wa chesi wanapotea, maana wamezoea mfalme akilengwa unaweka kete katikati. Huku ukiweka kete katikati unampa cha kurukia! Yaani mpaka uuondoe ule mzinga, mstari wako wa kati umekufa. Kwa hiyo ukiona mzinga umeenda kati jibu la kawaida ni kumtoa farasi wa upande ule ule aje ndani, anasimama pale anamlinda askari wa kati. Ni hatua moja tu ila itakuokoa gemu nyingi sana.

Na farasi. Farasi wa huku haruki, anatembea: hatua moja iliyonyooka alafu moja ya mshazari. Kukiwa na kete imesimama kwenye ile hatua ya kwanza, iwe ya nani, mguu umefungwa, haendi upande huo. Ndiyo maana inatokea farasi wangu anamlenga wako na wako hawezi kunigusa, kwa sababu kinachokufunga wewe hakinifungi mimi. Kaa nalo hilo. Watu wengi wanacheza miezi wanalinda farasi na wala hawaangalii kilichosimama mbele ya mguu wake.

SWALI: Tumegombana kwenye grupu, tunaomba utuamulie. Mimi nilikuwa nashindwa, nikaamua kumpiga cheki (yaani kumtishia kumla) jemadari wa mwenzangu kushoto, kulia, kushoto, kulia ili iwe sare, programu ikaninyima ushindi na sare pia, ikasema nimeshindwa. Wiki hiyo hiyo mwenzetu mwingine alibaki hana hatua ya kucheza wakati jemadari wake hajalengwa, sisi tunajua hiyo ni sare, programu ikampa mpinzani wake ushindi. Programu ni mbovu? (Kwa niaba ya wote)

JIBU: Programu iko sawa kote kuwili. Mnacheza huu mchezo kwa sheria za mchezo mwingine, na ugomvi mwingi wa marafiki unaanzia hapo hapo.

La kwanza, cheki za kurudiarudia bila kikomo haziruhusiwi. Anayepiga ndiye anatakiwa abadilishe, asipobadilisha kashindwa. La pili, asiye na hatua ya kucheza kashindwa, basi, haijalishi jemadari wake katishiwa au hajatishiwa. Mimi naona hii ya pili inaufanya mwisho wa gemu kuwa mtamu sana, maana hata ukibaki na askari mmoja aliyevuka mto unaweza kuwabana watu wakakosa pa kwenda.

Kuna ya tatu hamjaiuliza na najua itawaletea ugomvi: majemadari wawili hawaruhusiwi kutazamana kwenye mstari mmoja kama hakuna kete kati yao. Msiichukulie kama katazo tu, ni silaha. Jemadari wako akikaa kwenye mstari ulio wazi, wa adui hawezi kuukanyaga, kwa hiyo anambana mwenzake akiwa mbali kabisa, ndani ya kasri lake (kile kiboksi chenye mistari ya mshazari anamokaa jemadari), bila kusogea. Gemu nyingi nilizoshinda na gari moja zimemalizwa na jemadari aliyesimama tu.

Sasa kufukuzana. Gari likimfukuza farasi asiye na mlinzi tena na tena na tena, anayefukuza naye anatakiwa aache, ila hapa vipengele vinatofautiana kidogo, sheria za Asia na za China hazifanani kila mahali, na majukwaa nayo yanahesabu kila moja kivyake. Kwa hiyo kabla hamjaanza ligi yenu andikeni kwenye grupu: tunafuata jukwaa letu linavyoamua. Sentensi moja inatosha. Na yule aliyeambiwa kashindwa kwa cheki za kurudia, dada au kaka, hukufanya hila, ulikuwa hujui, na wenzako wakubali hivyo.

SWALI: Rafiki yangu anafanya kazi usiku mimi mchana, gemu la dakika kumi haliwezekani, na yeye bando likikata saa inaendelea kukimbia anapoteza gemu alilokuwa anashinda. Tufanyeje?

JIBU: Achaneni na saa kabisa. Chezeni kwa ujumbe, hatua moja kila mtu anapopata nafasi, kwenye WhatsApp au popote mnapochati. Kila mmoja anakuwa na ubao wake, wa mbao au wa kuchora kwenye karatasi, anasogeza kete za wote wawili.

Mnahitaji tu kujua kuandika hatua, nayo ni rahisi. Kila mchezaji anahesabu mistari yake 1 mpaka 9 kuanzia mkono wake wa KULIA, na hilo ndilo linachanganya, mstari wako wa 1 ni wa 9 kwa mwenzako. Unaandika kete, mstari iliopo, alafu + kama inakwenda mbele, - kama inarudi, = kama inakwenda pembeni, mwisho namba. Ikienda pembeni namba ni ya mstari inaofikia, ikienda moja kwa moja mbele au nyuma namba ni idadi ya hatua, na kwa farasi, tembo na mshauri wanaokwenda mshazari namba ni mstari wanaofikia. Mfano mwekundu: Mzinga 2=5, yaani mzinga wa mstari wa 2 umeenda kati. Mweusi: Farasi 8+7, ndiyo ile hatua ya kumlinda askari wa kati niliyosema juu. Mwekundu Farasi 2+3, mweusi Gari 9=8, mwekundu Gari 1=2, mweusi Farasi 2+3. Hapo mmefungua gemu kama wanavyofungua wakubwa, na kila mmoja kaenda kazini kwake kama kawaida. Gemu hizi za polepole zimenifundisha kuliko mamia ya zile za dakika tano, maana una siku nzima ya kuufikiria ubao ukiwa njiani au ukiosha vyombo.

SWALI: Nahisi mmoja wetu anatumia boti. Anajibu hatua ngumu na rahisi kwa muda ule ule.

JIBU: Muulize, faragha, kwa upole, siyo kwenye grupu mbele ya watu. Programu kama Pikafish, iliyotokana na Stockfish ya chesi, zinamshinda binadamu yeyote, kwa hiyo akiitumia katikati ya gemu hakuna mchezo tena. Ila baada ya gemu itumieni wote pamoja, mpigiane simu, mrudie hatua moja moja, kila mmoja aseme kwanza alikuwa anafikiria nini ndipo muiulize programu. Sisi kwenye kundi letu dakika hizo tunacheka na kubishana kuliko gemu lenyewe.

SWALI: Mdogo wangu ana miaka 13, nilimuunga kwenye grupu letu la watu wazima nikidhani atajifunza. Sasa anatuchapa wote, wawili wameshaanza kutoa visingizio hawaingii. Nimtoe? (Dada Mkubwa)

JIBU: Dada, tafadhali usimtoe. Hu Ronghua alichukua ubingwa wa taifa wa China mwaka 1960 akiwa na miaka 15, akaja kuuchukua mara 14 kwa jumla, kwa hiyo kuchapwa na mtoto kwenye huu mchezo si aibu kabisa.

Dawa ipo na ni ya zamani, mwenye nguvu anatoa kete. Ngazi ya kwanza, dogo acheze weusi kila mara, maana mwekundu ndiye anaanza. Akiendelea kuwachapa, mwekundu apewe hatua mbili za mwanzo. Bado? Dogo atoe farasi mmoja kabla gemu halijaanza. Kama jukwaa lenu lina sehemu ya kupanga ubao mwenyewe, mnamtoa huyo farasi kisha mnatumiana linki, kama haina basi chezeni ile ya kuandikiana. Kila mtu anayemshinda mara tatu mfululizo anashuka ngazi moja, anayefungwa mara tatu anaongezewa. Wale wawili watarudi, na dogo naye atafurahi kwa sababu ataanza kupata gemu za kumtoa jasho. Mwambie pia awe anawaeleza wakubwa zake walipokosea, taratibu, akianza na hatua nzuri waliyocheza. Na wewe mwenyewe umwombe akufundishe kumaliza gemu kwa gari na jemadari, nina hakika anaijua.